Farasi Wasiofika Kariakoo

Msomaji aliyepata kushuka mtaa wa Msimbazi asubuhi na mapema, akaingia mtaa wa Kongo au wa Swahili, ajua jinsi mizigo inavyokwenda katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Malori husimama pembeni, na kutoka hapo robota za nguo na magunia ya vitunguu huingia sokoni juu ya mabega ya watu, au juu ya mikokoteni isukumwayo na vijana wenye kupiga kelele, "Pisha! Pisha!" Farasi hayupo hata mmoja, na mtu aweza kukaa mwezi mzima mtaani asimwone punda.

Jina la mtaa wenyewe ni jina la mizigo. Si neno la Kizaramo, ambao ndio wenyeji wa nchi hii, wala si la Kiarabu au la Kihindi. Ni Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, ambalo midomo ya watu wetu ililainisha likawa Kariakoo. Mji wa Nairobi nao una mtaa wake uitwao Kariokor, kwa sababu ile ile. Kabla ya vita Wadachi walikuwa wamekwisha anza kuupanga mtaa huu uwe makao ya Waafrika, tena wakajenga banda kubwa. Waingereza walipoushika mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wakapiga kambi hapo, na baada ya vita banda lile likawa soko. Soko la sasa, lile lenye paa kama miavuli ya saruji, lilichorwa na Mtanzania Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na likapatwa na moto mkubwa mwezi wa Julai 1921 kama wengine walivyokosea kuandika ubaoni petu; tarehe ya kweli ni Julai 2021.

Habari hizi tulikuwa tukizifundisha darasani kila mwaka, tukidhani zimekamilika. Mwaka mmoja mtoto wa kike aliyeketi nyuma akanyosha mkono. Alikuwa ameona katika kitabu picha ya jeshi la Jenerali Smuts, askari wamepanda farasi, safu ndefu mpaka ukingo wa picha. Akauliza: "Mwalimu, kama walikuja na farasi wengi hivi, mbona mizigo walibeba watu? Farasi walikwenda wapi?" Tulimjibu kwamba walikufa. Akauliza tena: "Mbona punda milia hawafi, nao ni farasi?" Hapo hatukuwa na jibu la maana, tukamwahidi kulitafuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, farasi si mgeni kabisa wa pwani yetu. Masultani wa Unguja walifuga farasi wa Kiarabu, na jina lenyewe twalipata kutoka lugha ya Waarabu. Sayyid Said bin Sultan alipopeleka merikebu yake Sultana huko New York mwaka 1840, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, zawadi alizompelekea Rais wa Marekani, Martin Van Buren, zilikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kupokea zawadi za wafalme ziwe mali yake, basi farasi wale wakauzwa mnadani. Lakini farasi hao wote walikaa visiwani na ufukweni. Kila mara mtu alipojaribu kuwapitisha bara, walikufa njiani. Na ndiyo maana misafara yote ya zamani, kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji, ilikwenda kwa miguu ya watu na pembe za ndovu zikachukuliwa mabegani. Wako wazungu walioandika kwamba Mwafrika wa bara hakuwa na akili ya kumtumia mnyama kubeba mzigo. Mtu asemaye hivyo na ajaribu yeye kumpitisha farasi katika pori la mbung'o.

Maadui wa farasi katika nchi hii ni wawili. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye akiuma humtia mnyama vijidudu katika damu. Mnyama hukonda, macho hutoka machozi, tumbo huvimba, hata hufa. Daktari David Bruce ndiye aliyeonyesha jambo hilo katika nchi ya Wazulu mwaka 1895, na vijidudu vile vikapewa jina lake. Adui wa pili ni maradhi ya farasi ya Afrika, yaletwayo na wale usubi wadogo waumao magharibi na usiku, hasa wakati wa mvua. Haya huua upesi kuliko ya mbung'o. Farasi aliyekula vizuri jana, leo mapafu yamejaa maji, povu limemtoka puani, na kabla ya jua kuchwa amekwisha kufa. Katika farasi kumi wasiopata kuugua kabla, tisa huenda wakafa.

Sasa tuje mwaka 1916. Jan Smuts alishika amri ya jeshi la Waingereza mwezi wa Februari, akaleta vikosi vya Makaburu waliozoea kupigana juu ya farasi katika nchi zao za nyasi. Shauri lake lilikuwa kuwazunguka Wadachi kwa mbio, kama alivyofanya kwao. Mwezi wa Aprili Jenerali van Deventer akatoka Arusha na wapanda farasi, mvua za masika zinanyesha, akafika Kondoa Irangi. Kondoa waliitwaa, lakini wengi wa farasi walikuwa wamelala njiani, na askari wengi waliingia kwa miguu. Jeshi likaagiza farasi wengine, na hao wakafa; likaagiza nyumbu na ng'ombe, nao wakafa kwa maelfu. Ilipofika mwisho wa mwaka ule, njia ya kwenda Morogoro na Rufiji ilijulikana kwa harufu kabla haijaonekana.

Mnyama alipokwisha, akashikwa mtu. Hesabu yake tumezoea kuwapa watoto darasani. Tuseme mpagazi achukua ratili 50 za unga, na yeye mwenyewe ala ratili 2 kwa siku. Kwa siku 25 mzigo wote umekwisha tumboni mwake, tena siku hizo ni pamoja na za kurudi. Basi kama askari yuko mbali mwendo wa siku 12, katika mzigo mzima wa unga zitamfikia ratili 2 tu, ila wawepo wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi. Ndiyo sababu kikosi kilikua, kikakua, hata watu waliochukuliwa na majeshi ya pande zote katika vita ile wakakaribia, kama wengi wanavyokadiria, milioni moja. Waliokufa katika utumishi wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 40,000, na wanahistoria wengi husema idadi ya kweli ilipita hapo sana. Wachache tu waliuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, na unga usioiva vizuri.

Turudi kwa swali la pili la mtoto yule, kwani hilo ndilo lililotupa kazi. Kwa nini punda milia haugui?

Wataalamu wa siku hizi husoma udugu wa wanyama kwa njia ambayo wazee wetu wasingaliidhania. Ndani ya kila seli ya mwili mna nyuzi nyembamba ziitwazo kromosomu, nusu zimetoka kwa baba na nusu kwa mama, na juu ya nyuzi hizo imeandikwa, kwa namna ya kusema, hati ya urithi. Farasi ana nyuzi 64. Punda ana 62. Punda milia wetu wa mbugani ana 44. Farasi na punda wakizaana, mtoto ni nyumbu, naye hupata 63, hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Kwa hiyo nyumbu karibu wote hawazai. (Kiswahili kimemwonea mnyama huyu, maana kimempa jina moja na yule nyumbu wa Serengeti, ambaye ni jamaa wa swala na hana udugu naye wowote. Wazee wa pwani walimwita baghala, nasi twaona ni heri jina hilo lirudi.)

Hati hizo zikilinganishwa, huonekana nani ni ndugu wa karibu na nani wa mbali. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma hati ya farasi mmoja wa kale sana, kutoka mfupa uliohifadhiwa na barafu katika nchi ya Yukon huko Kanada, wenye umri wa miaka 700,000 hivi. Kwa mfupa huo wakahesabu kwamba babu mmoja wa farasi, punda na punda milia wote aliishi miaka milioni 4 hivi iliyopita, au zaidi kidogo. Tena ikaonekana jambo ambalo macho hayalisemi: punda na punda milia ni ndugu wa karibu zaidi wao kwa wao kuliko kila mmoja wao na farasi. Ukoo uligawanyika kwanza farasi upande huu na wengine upande ule. Punda na punda milia waliachana baadaye sana. Basi watu wa kale waliomwita mnyama yule "punda milia", wala si "farasi milia", walipatia, ijapokuwa walitumia macho tu.

Wako wapi nyumbani mwao? Habari ya farasi ilijulikana mwaka 2021, wataalamu walipolinganisha mabaki ya farasi wa kale 273. Farasi wote wa kufugwa duniani leo, wawe wa Bara Arabu, wa Uingereza, wa Uhabeshi au wa Mongolia, asili yao kubwa ni mahali pamoja, nyika za baridi za mito Volga na Don katika Urusi, yapata miaka 4,200 iliyopita. Kutoka hapo walienea upesi ajabu, wakawafuta farasi wengine waliokuwapo. Punda naye habari yake ilikuja mwaka 2022, kwa kusomwa punda zaidi ya 200 wa nchi nyingi. Yeye alifugwa mara moja tu, hapa hapa Afrika ya Mashariki na pembe yake, kama miaka 7,000 iliyopita, yaani karibu miaka 3,000 kabla ya farasi. Kutoka kwetu akaenda Sudani na Misri, kisha akaenea duniani. Hatukuwahi kusoma hayo shuleni. Tulifundishwa kwamba wanyama wa kufugwa wote walitujia kutoka ng'ambo.

Sasa jibu laonekana. Punda milia ameishi na mbung'o na usubi tangu wawepo. Yule asiyeweza kuvumilia alikufa kitambo na hakuacha mtoto. Waliobaki ni watoto wa wenye kuvumilia. Maradhi ya farasi humwingia punda milia, yakakaa katika damu yake wiki kadha wa kadha, naye hula majani yake kama kawaida. Kwa hiyo yeye huwa ni ghala ambamo usubi huchota maradhi ya kuwapelekea farasi. Juu ya hayo ile milia yenyewe, kama ilivyoonekana katika majaribio, huwachanganya nzi waumao hata washindwe kutua vizuri. Punda wa kufugwa, mtoto wa Afrika, huugua kidogo tu maradhi hayo ya usubi, na mbung'o humdhuru polepole kuliko farasi. Nyumbu, kama ilivyo damu yake, yu katikati. Walakini tusimpambe punda kupita kiasi: aliyefanyishwa kazi mchana kutwa na kulazwa njaa katika mvua ya 1916 alikufa naye, na mifupa yake imo njiani pamoja na mingine.

Hapo twaweza kuuliza swali ambalo maofisa wa remonti wa siku zile waliuliza kwa uchungu: hakuna katika koo zote za farasi ukoo hata mmoja uwezao kuishi hapa? Kwa macho, koo za farasi ni nyingi na zimetofautiana mno, huyu mfupi mwenye manyoya, yule mrefu mwenye ngozi ya hariri. Farasi wa Afrika ya Kusini, ambao wengi walikufa kwetu, walikuwa mchanganyiko mkubwa. Waholanzi walileta wa kwanza kutoka Java katika miaka ya 1650, kisha wakatiwa damu ya Kiarabu na ya Kiingereza. Lakini mchanganyiko wote ule ulitoka katika chungu kimoja, kile cha nyika za Urusi. Mwaka 2013 ilitolewa kazi iliyolinganisha farasi 814 wa koo 36, kila mmoja kwa alama zaidi ya 54,000 za hati yake. Ilionekana kwamba farasi wa Mongolia, ambao watu hawawachagui sana, wamehifadhi tofauti nyingi za urithi ndani yao, na wale waliochaguliwa kwa ukali wana chache. Mfano ni farasi wa mashindano wa Kiingereza, Thoroughbred. Kitabu cha nasaba yake kilianza kuchapwa mwaka 1791, na asiyeandikwa wazazi wake humo hahesabiwi. Madume wote wa ukoo huo hurudi kwa baba watatu tu walioletwa kutoka mashariki, na karibu 95 katika kila 100 hurudi kwa mmoja wao, Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo akapelekwa Uingereza mwaka 1704. Mama zao walikuwa wengi, baba wachache. Na ndivyo ilivyo kwa farasi karibu wote, kwani mfugaji huchagua dume mmoja kwa majike mengi. Mbio walizipata. Lakini hakuna aliyewachagua kwa mbung'o, kwa sababu huko Newmarket hakuna mbung'o.

Makaburu walijua dawa moja. Farasi aliyeugua maradhi yale akapona walimwita "aliyetiwa chumvi", wakamnunua kwa bei kubwa sana. Lakini chumvi hiyo ni ya mwili wake, haiandikwi katika hati ya urithi. Mtoto wake hupata kinga kidogo katika maziwa ya mama kwa miezi michache, kisha hubaki uchi kama farasi mgeni. Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wanafunzi wetu, na wazazi wao pia, huchanganya mara nyingi kilichopatikana na kilichorithiwa.

Wadachi nao walijaribu njia nyingine, wakasema: kama farasi hawezi, na afungwe punda milia. Bwana mmoja, Fritz Bronsart von Schellendorff, aliwakamata punda milia wengi upande wa Kilimanjaro ili awafundishe kazi. Huko Uskoti, mtaalamu Cossar Ewart alizalisha punda milia dume, jina lake Matopo, na farasi majike, akapata watoto wenye milia hafifu, akatumaini watafaa makoloni. Lord Rothschild alionekana London akiendesha gari lililofungwa punda milia. Yote hayo yaliishia katika picha. Punda milia huvumilia maradhi, havumilii hatamu. Huogopa, huuma asiachie, na mgongo wake haukuumbwa kwa kukaliwa. Wafugaji wetu walichagua punda miaka 7,000 iliyopita wakamwacha milia porini, nasi twadhani walimjaribu.

Mwisho wa masomo yale tuliwapeleka watoto kuiona sanamu ya Askari mjini, pale makutano ambapo Wadachi walikuwa wamemsimamisha Wissmann, na Waingereza wakamsimamisha askari mwaka 1927. Askari yule anakwenda kwa miguu, bunduki mbele. Maandishi chini yake yawataja wapagazi. Yule mtoto aliyeuliza habari za farasi aliizunguka sanamu mara mbili akitafuta mzigo, asiuone.

Katika ukoo wetu hutajwa mtu mmoja aliyetwaliwa shambani akapelekwa Kariakoo, na kutoka hapo akaelekea kusini. Bibi zetu walimwita "Yule wa Kariakoo" mpaka jina lake jingine likasahauliwa, kwani hakuacha mtoto wa kuitwa kwa jina la babu. Mishahara ya wengi waliokufa kama yeye haikupata kuwafikia ndugu zao. Katika kitabu cha Thoroughbred twaweza kusoma jina la mama wa farasi aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Na punda? Yeye sasa ana adui wa tatu. Ngozi yake huchemshwa huko China iwe dawa, na katika nchi nyingi za Afrika alichinjwa kwa wingi hata wakulima wakaibiwa punda wao usiku; kwetu palikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Punda jike huchukua mimba mwaka mzima na zaidi, akazaa mtoto mmoja. Tuliwapa watoto hesabu hiyo pia: kijiji chenye punda 40, nusu yao majike, kikiibiwa punda 15 kwa mwaka, kitachukua miaka mingapi kubaki na mikokoteni tu? Walileta majibu mbalimbali, kwa kuwa wengine walisahau kwamba wezi hawachagui dume na jike.